Nililipia boksi

Vijana wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni huwa hawasubiri gari lisimame. Wanalikimbilia likiwa bado linatembea, neti begani, bei ikishuka kadiri unavyozidi kukanyaga breki. Siku ile walinijia wawili. Walipofika usawa wa tairi la mbele kushoto wakasita, wakarudi nyuma hatua mbili.

"Kaka, gari lako linanuka."

Lilikuwa linanuka tangu katikati ya mteremko wa Kitonga. Harufu ilianza taratibu, nikajidanganya kwamba ni ya lori lililokuwa mbele yetu, maana Kitonga daima kuna lori mbele yako na daima linanuka. Kona tatu baadaye lori likawa nyuma na harufu bado tuko nayo. Kisha pedeli ya breki ikaanza kuzama. Halafu, kwenye kona za mwisho kabisa, ukaja mlio wa chuma kwa chuma, na mke wangu, ambaye alikuwa anasimulia mambo ya harusi tuliyotoka, akanyamaza.

Binamu yangu alikuwa nyuma na Altezza yake. Akapaki, akashuka, akasogeza kiganja karibu na rimu yake bila kuigusa, kisha akaja kwangu akafanya hivyo hivyo.

"Yangu ina moto," akasema. "Yako inapika."

Hakucheka. Angecheka ningejisikia vizuri zaidi.

## Nilichomwambia Iringa

Siku mbili kabla, pale Iringa, mbele ya wajomba wawili na masufuria ya pilau, nilikuwa nimemsema binamu kuhusu breki zake. Alikuwa amefunga pedi za shilingi elfu thelathini na tano. Kampuni yake jina lake hakuna kati yetu aliyeweza kulitamka. Mimi nilikuwa nimefunga za laki moja na themanini, jina ambalo kila anayependa magari analijua, boksi lake tu ukiliweka kwenye dashibodi watu wanakuheshimu.

"Breki siyo mahali pa kubana hela," nilimwambia. Nilisema kwa sauti ya mtu mzima.

Jina la hizo pedi sitaliandika hapa. Kampuni yenyewe haina kesi nami, na baada ya yote niliyoyaona nina imani haikuwahi kuzigusa.

Tukapiga jeki palepale pembeni ya barabara, kivuli cha mbuyu kikitusaidia nusu. Tulipotoa tairi na kufungua kalipa inayoshika pedi, pedi ya nje ilidondoka vipande viwili. Haikuwa imeisha. Ilikuwa na miezi minne tu na bado nene, ungesema ya wiki iliyopita. Ila ile sehemu inayosugua diski ilikuwa imeachana na bati lake, kama soli ya kiatu cha mtumba inavyoachana na kiatu siku ya mvua. Bati tupu ndilo lililokuwa linakula diski.

Tulilala Ruaha Mbuyuni. Pedi nyingine zikaja kesho yake na basi kutoka Morogoro. Vitunguu tulinunua, neti mbili, kwa bei ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeilipa, kwa sababu wale vijana ndio waliokuwa wamenishikia mawe ya kuzuia tairi usiku ule.

## Swali la fundi

Fundi wangu ni mtu wa Ilala, na ni wa makamo. Hana ukurasa wa Instagram, hana fulana yenye nembo ya gereji. Ameshika injini za boksa za Subaru, zile za pistoni za kulala, tangu mjini wengi wakiziogopa. Nilimpelekea zile pedi kwenye mfuko wa rambo nikiwa nimeshajiandaa kulalamika, na nikamwomba binamu anipe na moja ya zile zake, kwa sababu naye alikuwa amebadilisha ili awe na amani.

Fundi akaziweka mbili juu ya boneti, akafuta mikono.

"Ulishuka Kitonga na gia gani?"

Gari langu, Subaru Forester, ni otomatiki. Nilishuka na D, kama navyokwenda Kibaha.

"D," nikasema.

"Na huyu?"

Binamu akasema alishusha hadi namba mbili, injini ikalia, akaiacha ilie imshikie gari badala ya breki.

"Basi kesi ya kwanza ni yako, mdogo wangu. Usimtafute Mchina." Akanyanyua kile kipande changu. "Ya pili ndiyo ya hii."

Akaigeuza pedi ya binamu kwa ubavu. Pale pembeni, chini ya vumbi jeusi, kulikuwa na maandishi yaliyochapwa kwa wino mweupe: namba za toleo, na mwishoni herufi mbili, FF. Nimeendesha magari miaka kumi na minne na sikuwahi kutazama ubavu wa pedi. Herufi zile ni kipimo cha msuguano. Ya kwanza inakuambia pedi inashika kiasi gani ikiwa katika joto la kawaida, ya pili inakuambia inashika kiasi gani ikishapata moto. E ni kuanzia 0.25 hadi 0.35. F ni 0.35 hadi 0.45. G inapanda hadi 0.55. Kwa hiyo FF si pedi ya mashindano, ni pedi ya kawaida inayodai kwamba ikichemka haitabadilika sana. Pedi ya kumpeleka mtu Iringa na kumrudisha.

Akaigeuza na yangu. Rangi nzuri, nyekundu ya kung'aa, jina kubwa limechorwa kwenye bati. Ubavuni hamna kitu. Hamna namba ya toleo, hamna herufi, hamna hata alama ya kwamba kulikuwa na kitu kikafutika.

"Huyu kajitambulisha," akasema, akigusa ya binamu. "Huyu wako kavaa suti."

Kisha akalichungulia lile bati. Pedi haifungwi kwa skrubu. Ule unga wa kusugua unagandamizwa juu ya chuma kwa gundi, joto na nguvu kubwa, na kabla ya hapo chuma kinatakiwa kisafishwe kisawasawa. Viwanda vingine huongeza vijino au matundu ili unga ujishikize hata gundi ikichoka. Langu lilikuwa laini kama kijiko, na katikati kulikuwa na kutu. Kutu chini ya gundi. Maana yake ilikuwepo kabla unga haujawekwa.

"Mdogo wangu," akasema, bila kejeli yoyote, "hapa ulilipia boksi."

Nikacheka, nikalipa, nikaondoka. Wiki sita zimepita na bado naisikia.

## Kisichojulikana hakiigizwi

Kinachonikera siyo kupigwa. Mjini kupigwa ni karo, kila mtu analipa kwa muhula wake. Kinachonikera ni kwamba nilikuwa na kanuni, nimeihubiri kwa miaka, na kanuni yenyewe ndiyo iliyonipeleka pale.

Kanuni ilikuwa rahisi: nunua jina.

Nimeifikiria vizuri, nikagundua sikuwahi kujiuliza jina linauza nini. Kampuni kubwa ya pedi inakuuzia vitu ambavyo huvioni: chuma kilichosafishwa, gundi iliyopimwa, unga ambao kundi la Januari linafanana na la Juni, na mtu wa kumshitaki mambo yakiharibika. Boksi ni ahadi tu kwamba hayo yote yamefanyika. Na katika vitu vyote hivyo, boksi ndilo rahisi kuliko yote kutengeneza. Unahitaji mashine ya kuchapa na mtu mwenye jicho la rangi.

Sasa jiweke upande wa mtengeneza feki. Utaiga jina gani? Utaiga lile ambalo binamu yangu hawezi kulitamka? Hakuna anayelitafuta! Utaiga lile ambalo mtu kama mimi anaingia nalo dukani tayari mdomoni.

Nilipofika hapo nilikuwa kwenye foleni ya Tazara, na nilicheka peke yangu hadi bodaboda wa pembeni akaniangalia. Pedi ya binamu ilikuwa orijino. Orijino kabisa, ya kiwanda kisichojulikana. Mimi ndiye niliyekuwa na kopi.

Hii haina maana kwamba vya bei chee ndivyo bora. Kiwanda kisicho na jina hakina cha kupoteza. Leo kinakutolea kundi zuri, kesho mkurugenzi kabadilisha unga na wewe huna habari. FF nayo ni wino, na wino hauna uaminifu kuliko boksi. Lakini walau binamu alikuwa anajua amenunua kitu cha kawaida, akaendesha kama mtu aliyefunga kitu cha kawaida. Mimi jina lilinipa ujasiri, nikashuka mlima na D.

## Winga, punguzo na mimi

Nimesema boksi, boksi, kana kwamba lilikuja lenyewe nyumbani. Hapana. Nililifuata Kariakoo.

Winga, dalali wa mtaani, alinidaka kabla sijashuka vizuri. Nilimtajia jina, akasema twende. Nilikuwa nimeshapita maduka mawili ambako pedi zile zile ziliuzwa laki mbili na sitini, hazipungui. Winga akanipeleka ghorofani, ngazi nyembamba, duka lenye upana wa kitanda. Boksi lile lile. Laki mbili na ishirini. Nikabishana. Laki moja na themanini.

Ukutani nyuma ya muuzaji kulikuwa na kile kibandiko cha kutukumbusha kudai risiti. Nilikisoma. Aliniuliza, "Unataka risiti?" kwa ile sauti inayokuambia kwamba risiti ina bei yake. Nikasema achana nayo.

Huo ndio ukweli ambao kwa fundi sikuusema. Nilitaka jina kwa bei ya kopi, nikauziwa kopi kwa bei inayokaribia ya jina. Nilishuka zile ngazi nikijiona mjanja. Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu 1963, Tume ya Ushindani ipo, lakini mtu aliyekataa risiti ili aokoe elfu arobaini anakwenda kusema nini huko?

## Miaka ya pshhh

Lazima niseme pia kwamba sikuzaliwa na kanuni ya jina. Niliifikia baada ya kuchomwa na upande wa pili.

Forester yangu ni toleo la SG5 yenye turbo, injini ya EJ205, ile ambayo kwa soko la Japani iliandikwa nguvu za farasi 220. Mwaka wa kwanza nilitaka watu wajue. Nikanunua mtandaoni filta ya umbo la koni, ya bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Nikanunua na ile valvu ya kutema upepo nje, inayofanya pshhh kila ukiachia ekseleta. Aa, ule mlio! Nilikuwa nafungua kioo nikipita karibu na ukuta ili unirudie.

Gari likaanza kukohoa. Likiachiwa ekseleta linashtuka, mara nyingine linazima kabisa kwenye taa. Plagi zilipofunguliwa zilikuwa nyeusi kama mkaa. Maelezo ni haya: hizi Subaru zina kipimo kinachohesabu hewa inayoingia tangu mwanzo wa bomba, na kompyuta inamwaga petroli kulingana na hesabu ile. Kiwandani, valvu inarudisha upepo uliozidi ndani ya mfumo. Ukiutema nje, kompyuta haijui. Inaendelea kumwaga petroli kwa hewa ambayo imeshaondoka kwenda kunifurahisha mimi na ukuta. Ile koni nayo ilikuwa inavuta hewa ya moto kutoka mulemule kwenye injini, wakati boksi la filta la kiwandani linavuta ya nje.

Niliamua kwamba tatizo ni ubei chee. Ndipo nikaokoka, nikawa mtu wa majina.

Leo naona nilijifunza somo lisilokuwepo. Valvu ile ningeinunua ya HKS, kampuni inayotengeneza vitu hivi tangu 1973, nikaifunga iteme nje vilevile, gari lingekohoa vilevile. Kwa umaridadi zaidi, pengine. Kosa lilikuwa wazo, na wazo baya halina daraja la orijino. Lakini nani anataka kusikia hivyo? Ukishatoa hela, ni rahisi kulaumu kifaa kuliko kulaumu kichwa kilichokichagua.

## Inakufaje?

Kuna Subaru Impreza ilikaa pale gereji miezi kadhaa, imefunikwa turubai la bluu. Mwenyewe alibadilisha mkanda wa taimingi kabla ya wakati wake, mtu makini, na mkanda alinunua mzuri. Ila zile rola ambazo mkanda unapita juu yake alinunua za bei ya soda na chipsi, kwa sababu rola ni rola, inazunguka tu.

Kwenye injini yake, EJ20 ya turbo, mkanda huo mmoja unazungusha kamshafti nne, zile zinazofungua valvu. Beringi ya rola moja ikashika. Mkanda ukaruka. Injini hizi valvu na pistoni zinatumia nafasi moja kwa zamu, na mkanda ndio mwenye ratiba. Ratiba ikivunjika zinakutana. Fundi alinionyesha valvu zilizotoka mle, zimepinda kama misumari iliyong'olewa kwenye ubao kwa pupa. Injini nzima imeondoka na beringi ya kujaa kiganjani.

Pale ndipo niliacha kwa muda kuuliza "jina au nafuu" nikaanza kuuliza swali lingine: hii ikifa, inakufaje?

Shokapu inakufa kwa hisani. Inavuja, gari linaanza kucheza sindimba kwenye matuta, unapata miezi ya kutafuta hela. Bushi inagonga. Ekzosi inapiga kelele hadi majirani wakusemee. Hivyo ninanunua kwa mfuko niliokuwa nao siku hiyo, na sioni haya. Beringi ya taimingi haiagi. Pampu ya oili haiagi. Gasketi ya hedi kwenye gari la turbo huaga kidogo sana, na wengi wetu hatuelewi lugha yake.

Nilikipenda kipimo hiki. Nilikitumia mwaka mzima na kilinisaidia kweli.

Halafu ikaja Kitonga. Maana ukiniuliza kabla ya siku ile, ningeiweka pedi kwenye kundi la wanaoaga. Pedi nyingi zina kile kibati kidogo kinachopiga filimbi unga ukikaribia kuisha. Nani ana adabu kuliko hiyo? Ila kibati kinajua ugonjwa mmoja tu, uzee. Yangu haikufa kwa uzee. Ilikufa kwa kuachana na bati lake ikiwa kijana, na filimbi haikuwa na la kusema.

Kwa hiyo kipimo changu kizuri kina tundu: kinajua kifaa kizuri kinavyokufa. Kibovu kina vifo vyake ambavyo mhandisi aliyechora hakuvifikiria.

## Rimu, kwa kifupi

Rimu za binamu zimefanana na Volk TE37 za kampuni ya Rays. Mabawa sita, rangi ya shaba, ukisimama mbali unaapa. TE37 ya kweli ilitoka 1996, na inasemekana hiyo 37 ni kilo 3.7 za ile ya inchi kumi na tano. Chuma chake kimegandamizwa kikiwa kigumu, hakikumiminwa kwenye umbo kama uji. Kopi nyingi zimemiminwa. Mabawa yale yale, tofauti iko ndani ya chuma ambamo jicho halifiki.

Mimi nilishapasua ya kumiminwa, kwenye shimo moja la Tabata ambalo nadhani lina umri kuliko baadhi ya wasomaji. Ufa ulikuwa upande wa ndani, tairi likawa linapoteza upepo siku mbili, siku tatu, nikibadilisha kipira cha valvu bure. Siku hizi nageuza rimu nitafute alama za JWL na VIA, zile za viwango vya rimu vya Kijapani, kwa nyuma, na nimeishia kununua rimu za kiwandani za Subaru, za mtumba, zimechubuka, hazina mvuto wowote. Zimedunda mashimo mangapi sijui.

Njia hii ya tatu hatuipi heshima yake. Tunabishana jina au nafuu wakati pembeni, Ilala, kuna kifaa kilichotoka kwenye gari zima la Japani, kikiwa na chapa ya kiwanda iliyomwagwa pamoja na chuma, na uchafu wa miaka kumi ambao hakuna mtu anajisumbua kuuiga. Kwa pedi na mikanda mtumba hapana, jamani. Kwa rimu, kalipa, hata turbo ukiwa na fundi wa kuishika shafti na kusikiliza inacheza kiasi gani, mtumba umenitunza kuliko duka.

## Majina yalitoka wapi

Mjomba wangu mkubwa, mmoja wa wale waliosikia hotuba yangu ya breki pale Iringa, alinipigia simu baada ya habari za Ruaha Mbuyuni kumfikia. Kwenye ukoo wetu habari hizi zinakwenda haraka kuliko basi. Nilidhani ananipa pole. Alikuwa na hoja.

Akaniambia wakati yeye ni kijana gari lilikuwa Peugeot 404. Iliyobaki ilikuwa bati. Mtu akinunua Datsun walimwonea huruma, walisema ni gari la karatasi, litaishia Chalinze. Na Peugeot ilikuwa na haki ya kujivuna, maana Safari Rally iliichukua 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Halafu 1970 Edgar Herrmann akashinda na Datsun 1600, 1971 akarudia na 240Z, 1973 Shekhar Mehta akashinda na 240Z, na kuanzia 1979 hadi 1982 Mehta huyo huyo akashinda mara nne mfululizo na Datsun Violet.

"Hakuna aliyewapa jina," mjomba akasema. "Walilichota kwenye matope yetu."

Nilikuwa na la kumjibu lakini nikaliacha. Kwenye Forester yangu kuna koilova, yaani shokapu na springi zake za kurekebishika, za Taiwan, za kampuni ambayo miaka mitano iliyopita ningeiita ya Kichina na kupita. Nilizinunua kwa shingo upande kwa sababu za Kijapani zilikuwa bei ya kiwanja Chanika. Ziko mwaka wa tatu sasa. Kilichonishawishi mwishoni kilikuwa kidogo sana: wanauza sili moja moja. Wanauza shafti peke yake, na ule mpira wa juu peke yake. Wana mchoro wenye namba kwa kila kipande. Nilikaa nikautazama ule mchoro usiku mmoja nikaona kwamba mtu anayekuuzia sili anategemea kukuona tena. Zile pedi zangu hazikutegemea kuniona tena.

Sijui kama hiyo ni kanuni mpya. Naogopa kuiita kanuni, nimeshachomwa na mbili.

## Jumamosi iliyopita

Nilirudi Kariakoo kutafuta pedi za nyuma. Bila winga safari hii, japo walinifuata wanne hadi mlangoni. Nikaingia duka la chini, la vioo, kubwa, lenye kiyoyozi, nikatajiwa jina lile lile na boksi lile lile likawekwa kaunta.

Nikamwomba kijana alifungue. Akalifungua. Nikatoa pedi, nikaigeuza ubavu, nikawasha tochi ya simu. Nikapitisha kidole kwenye bati kutafuta vijino. Nikaitafuta namba ya toleo, nikailinganisha na iliyo kwenye boksi, na hapo mzee mmoja mwenye miwani, mwenye duka nadhani, akainua uso kutoka kwenye kikokotoo chake akawa ananitazama. Alinitazama kwa muda. Hakukasirika hata kidogo.

"Kumbe wewe ni mtu wa hizi kazi," akasema.

Akalichukua lile boksi mkononi mwangu, akalirudisha rafuni bila haraka. Akaingia nyuma ya pazia. Nikasikia ngazi, maboksi yakisogezwa. Akarudi na boksi jingine. Jina lile lile, nyekundu ile ile, picha ile ile ya diski inayotoa cheche.

"Hii sasa," akasema, akiifuta vumbi kwa kiganja, "ndiyo orijino. Laki tatu na nusu."